Tusijenge Gereza la Lugha: Kutoka Siku ya Wareno hadi Siku ya Kiswahili



Mpendwa msomaji, jioni moja ya mwezi huu wa Juni, baada ya chakula cha usiku, tulibaki bwaloni tukibishana juu ya maneno. Mwenzetu mmoja alikuwa amesoma kwamba tarehe 10 Juni ni sikukuu ya taifa la Ureno, akauliza kwa utani: "Sasa sisi inatuhusu nini?" Mwingine akamjibu kwa kugonga meza. "Hii unaiitaje?" Meza ni neno la Kireno. Ndipo tukaanza kuhesabu: leso, bendera, kasha, foronya, parafujo, karata. Mvinyo tunaouandaa sakristia kila asubuhi umepata jina lake huko huko. Hata padri, ambaye sisi sote tunatamani kuwa, jina lake limeletwa na jahazi la Wareno. Tulicheka sana. Kisha mmoja akataja neno la mwisho, na kicheko kikapungua: gereza. Limetokana na neno igreja, ambalo kwa Kireno maana yake ni kanisa.

Imekuwaje kanisa likawa jela mdomoni mwa babu zetu wa pwani? Swali hilo halikutuacha tulale mapema, na ndilo lililotufanya tuandike. Tunaandika tukiwa katikati ya sikukuu mbili: ile ya Wareno ya tarehe 10 Juni, ambayo imepita, na ile ya tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo inakuja. Maoni yetu ni kwamba kusherehekea urithi ni jambo jema na la haki, lakini sherehe inabaki njema pale tu inapomwachia nafasi mwenye urithi mdogo aliyekaa karibu nasi. Na kwetu sisi wana wa Mbulu na Hanang, huyo aliyekaa karibu ni bibi yetu mwenyewe.

Siku ya mshairi

Tuanze kwa kuwatendea Wareno haki. Wangeweza kuchagua siku ya vita waliyoshinda, au siku ya mfalme kutawazwa. Wao walichagua siku aliyokufa mshairi. Luís de Camões alifariki tarehe 10 Juni 1580. Utenzi wake mkubwa, Os Lusíadas, uliochapishwa mwaka 1572, unasimulia safari ya Vasco da Gama kwenda India, na ndani yake zimo Mombasa na Malindi, kwa kuwa msafara ule ulipita hapo Aprili 1498 na Malindi ndipo ulipompata rubani wa kuuvusha bahari. Camões mwenyewe aliwahi kukwama katika Kisiwa cha Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1560, maskini asiye na nauli, mpaka marafiki waliopita hapo wakamsaidia kurudi kwao. Kwa hiyo mtu ambaye taifa zima linamkumbuka tarehe 10 Juni aliwahi kulala njaa kwenye pwani yetu.

Jambo la pili zuri ni jina la siku yenyewe. Tangu mwaka 1978 inaitwa Siku ya Ureno, ya Camões na ya Jumuiya za Wareno. Jumuiya hizo ni wale walioondoka: walioko Ufaransa, Brazili, Kanada, Afrika Kusini na kwingineko. Mwaka 2016 rais wa nchi alianzisha desturi ya kuadhimisha siku hiyo nyumbani na pia ugenini, akaanzia Paris, ambako Wareno wengi walikwenda kutafuta kazi za mikono. Kanisa la Ureno nalo siku hiyo hiyo humkumbuka Malaika Mlinzi wa nchi yao. Taifa linalomhesabu mwanawe anayefagia ofisi za wageni ng'ambo kuwa bado ni wa nyumbani lina jambo la kutufundisha.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunayemsoma kila wiki darasani, anaiweka heshima kwa wazazi na kwa nchi chini ya fadhila ya haki. Anasema, kwa ufupi, kwamba baada ya Mungu tunawiwa na wale waliotupa uhai na mahali tulipolelewa. Basi kumshukuru babu, lugha na ardhi si majivuno. Ni kulipa deni. Lakini kama heshima hiyo ni sehemu ya haki, haiwezi kutimizwa kwa kumdhulumu mtu mwingine. Hapo ndipo historia ya siku ile ya Wareno inapotugusa.

Siku hiyo hiyo ilipobadilishwa sura

Chini ya utawala wa António de Oliveira Salazar, tarehe 10 Juni iliitwa pia Siku ya Mbari. Mshairi yule maskini aligeuzwa nembo ya ukuu wa Ureno, na kuanzia mwaka 1963 siku hiyo ikawa ya kuwavisha nishani askari wa vita vya makoloni. Watanzania wa umri wa babu zetu hawahitaji kusimuliwa vita hivyo. FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na wakimbizi wa Msumbiji walivuka mto Ruvuma wakiwa na watoto mgongoni kuja kwetu.

Kanisa lilikuwa wapi? Swali hili linatuuma, lakini tukilikwepa tutakuwa waongo. Mapatano ya mwaka 1940 kati ya Vatikani na Ureno yaliwaweka wamisionari wa makoloni karibu mno na serikali. Wengi walinyamaza. Lakini si wote. Mwezi Mei 1971 Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadri Weupe, waliamua kuondoka Msumbiji wote kwa pamoja, kwa sababu walioneshwa mbele ya watu kama sehemu ya utawala ule na waliona Injili inachafuka. Desemba 1972 wanakijiji wa Wiriyamu waliuawa na askari, na ni mapadri waliokusanya majina ya marehemu mmoja mmoja mpaka dunia ikapata habari mwaka 1973. Hao walijua tofauti ya kanisa na ngome.

Sasa turudi kwenye neno letu. Katika ngome za Wareno kanisa lilikuwa ndani ya kuta zilezile zenye mizinga, ghala na mahabusu. Mswahili aliyesimama nje aliona jengo moja tu. Alisikia wakubwa wa jengo hilo wakilitaja kanisa lao, akaona ndugu zake wanaingizwa humo na hawatoki, akajumlisha mwenyewe. Pale Kilwa Kisiwani ngome iliyo ufukweni inaitwa Gereza mpaka leo. Waomani waliijenga juu ya mabaki ya ngome ya Wareno ya mwaka 1505, mwaka ambao Kilwa na Mombasa ziliporwa na kuchomwa. Mombasa nako ilianza kujengwa ngome kubwa mwaka 1593, nayo wakaipa jina la Yesu. Jina la Bwana wetu, mfalme wa amani, likapandishwa juu ya ukuta wa mizinga.

Ndani ya ngome hiyo kuna habari nyingine inayotusumbua. Mtoto wa sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa baada ya kugombana na Wareno, alipelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alirudi Mombasa kuwa mtawala Mkristo. Agosti 1631 aliasi, akamuua mkuu wa ngome, akarudia dini ya baba zake, na Wakristo waliokataa kuikana imani wakauawa, wakiwemo wenyeji wa pwani hii wanaume kwa wanawake. Tunawaheshimu waliokufa kwa ajili ya imani, na damu yao hatuichezei. Lakini tunajiuliza pia: yule kijana aliyepewa jina jipya, mavazi mapya na lugha mpya, je, kuna aliyewahi kukaa naye akamsikiliza akimlilia baba yake kwa lugha ya kwao?

Wareno walipofukuzwa Mombasa mwaka 1698 walikuwa wamekaa pwani kwa miaka 200. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868 ilibidi waanze karibu upya. Imani iliyoishi ngomeni ilikuwa imeondoka pamoja na ngome, yakabaki maneno. Tukabaki na padri, na tukabaki na gereza.

Sikukuu yetu ya tarehe 7 Julai

Sisi nasi tuna siku yetu. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, na Mwalimu Julius Nyerere na wenzake walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kudai uhuru. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Afrika kupewa heshima hiyo. Shirika hilo linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 200 wanakizungumza. Leo siku hiyo inaadhimishwa kwenye balozi zetu na vyuo vya ng'ambo, na ndugu zetu walio mbali hukusanyika, wanapika pilau na kughani mashairi. Tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi.

Tena Kiswahili hakikuja Mbulu na Hanang na mizinga. Kilikuja na biashara, shule, redio na Misa. Hatuwezi kukiweka kwenye kapu moja na Kireno cha Salazar. Hata hivyo, kuna jambo lililotupata mwaka jana ambalo halijatuacha.

Tulikuwa likizo, tukisaidia kazi za kichungaji katika kigango kimoja cha Hanang. Padri aliitwa kumpa Mpako wa Wagonjwa bibi mmoja Mwiraqw, nasi mafrateri wawili tukafuatana naye. Padri alitoka mkoa mwingine. Bibi aliitikia sala zote kwa Kiswahili vizuri, kwa kuwa alizijua kwa moyo tangu alipobatizwa. Ibada ilipokwisha, akaanza kusema mwenyewe kwa Kiiraqw, taratibu, macho yakiwa darini. Alisema kwa muda mrefu. Padri alitugeukia sisi, akitegemea tumtafsirie.

Mmoja wetu ana jina la ukoo la Kiiraqw kabisa. Alizaliwa Hanang, ila alikulia mjini katika nyumba za Kiswahili, akaenda bweni akiwa mdogo. Alishika maneno machache tu: Looaa, maji, watoto. Mengine yalimpita. Katekista ndiye aliyetuokoa. Kumbe bibi alikuwa anawataja watoto wake waliokufa, kila mmoja kwa jina, na kuomba atakapozikwa wasisahauliwe. Kisha akamtazama mwenzetu, akamwambia maneno ambayo katekista alisita kuyatafsiri: "Frateri, jina lako ni la kwetu. Mdomo wako umeuacha wapi?"

Bibi yule alifariki kabla ya Krismasi. Tulimzika kwa nyimbo nzuri za Kiswahili, kwaya ikiwa na kinanda. Majina ya watoto wake hayakutajwa, kwa sababu waliokuwa wanaongoza hatukuwa tumeyashika.

Tajiri asiyejua mali yake

Watu wa mbali wakisikia Manyara hufikiri mbuga na ziwa. Lakini wanaisimu wanapotaja eneo letu hutaja jambo la ajabu zaidi. Kuzunguka Mlima Hanang na bonde la Yaeda zinakutana familia za lugha ambazo kwingine Afrika zimetengana kwa maelfu ya kilomita. Kiiraqw ni cha Wakushi, ndugu wa lugha za Ethiopia na Somalia. Kidatoga ni cha Waniloti. Kinyiramba ni cha Wabantu. Kihadza, chenye sauti zake za kugonganisha ulimi, wataalamu hawajakipatia ndugu wa uhakika mpaka leo, na wanaokizungumza ni watu wapatao 1,000 tu. Hayo yote mtu anaweza kuyasikia kwa siku moja, akianzia gulio la asubuhi mpaka kwenye basi la jioni.

Mwaka 2002 ilichapishwa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza, kazi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Ilichapishwa Ujerumani. Tunawashukuru kwa dhati, hasa dada yetu Profesa Qorro. Lakini hebu tafakari: maneno ya bibi zetu yamehifadhiwa salama kwenye rafu za Ulaya, na sisi wajukuu tunaoishi chini ya mlima tunayapoteza. Wareno wamewapelekea sherehe watu wao walio ugenini. Kwetu sisi lugha yenyewe ndiyo iliyo ugenini, na iko ugenini ndani ya nyumba yake.

Wareno wana Camões, nasi tuna slufay. Wasiojua wajue kwamba slufay ni sala ndefu ya kishairi ya wazee wa Kiiraqw, inayotolewa hasa mwishoni mwa mkutano. Mzee huongoza kwa maneno ya mafumbo, na waliokaa huitikia kwa pamoja kila anapovuta pumzi. Huombewa mvua, mifugo, watoto na amani ya nchi. Huombewa kwa Looaa, jina ambalo pia ndilo la jua. Aliyesoma teolojia ataona hapo kazi ya kupambanua, na ni kweli ipo. Lakini mkutano unaojibu sala kwa sauti moja na kuombea nchi nzima unafanana sana na sala yetu ya waamini. Anayetaka kutamadunisha liturujia Mbulu hana haja ya kuanza na ngoma na vitenge kutoka kwingine.

Ngome zetu wenyewe

Ni rahisi kuwanyooshea Wareno kidole. Haki inatutaka tujitazame na sisi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yalifunguliwa Hanang mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Nchi ilihitaji mkate, na nia ilionekana njema. Lakini maelfu kwa maelfu ya ekari yalikuwa malisho ya Wadatoga wa Barabaig, na humo mlikuwa na bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wao, ambayo trekta zilipita juu yake. Walikwenda mahakamani miaka ya 1980, na katika Mahakama ya Rufani wakashindwa. Hiyo haikufanywa na Mreno. Ilifanywa na sisi, tuliokuwa huru, tena kwa Kiswahili fasaha cha maendeleo.

Tuangalie hata majina. Ni wangapi kati yetu bado tunawaita Wadatoga "Wamang'ati", jina lililotoka kwa Wamasai likiwa na maana ya maadui? Ni wangapi tunasema "Watindiga" kwa Wahadza? Na sisi Wairaqw, ambao ndio wengi katika parokia nyingi, tunapobadili lugha na kuongea Kiiraqw kwenye mkutano wa jumuiya ndogo ndogo huku familia moja ya Kidatoga imekaa kimya pembeni, tayari tumejenga ngome ndogo. Lugha ya bibi nayo inaweza kuwa gereza kwa bibi wa mwenzetu.

Lakini umoja wetu?

Tunajua wapo watakaotujibu kwa uzito, na hoja yao tunaiheshimu. Watasema kwamba Kiswahili ndicho kilichotuokoa na ukabila. Watakumbusha uhasama wa zamani wa Wairaqw na Wadatoga juu ya ng'ombe na malisho, na jinsi ilivyo neema leo kuwaona wamepiga magoti kwenye benchi moja wakisema Baba Yetu kwa maneno yaleyale. Watasema padri hawezi kujua lugha tano, na mfanyabiashara aliyetoka Kilimanjaro akaja Katesh naye ni muumini wa parokia.

Yote hayo ni kweli. Ndiyo maana hatuombi Misa ya Jumapili iondolewe Kiswahili. Meza ya wote inahitaji lugha ya wote. Mwalimu Nyerere, Mtumishi wa Mungu, alikuwa Mzanaki wa Butiama, na alikitumikia Kiswahili mpaka akaigeuza Injili kuwa utenzi. Hakuna aliyemwona ameacha kuwa Mzanaki kwa ajili hiyo. Umoja wa Pentekoste, tukisoma vizuri Matendo ya Mitume sura ya 2, haukuwa wa watu wote kugeuzwa lugha moja. Wageni wa Yerusalemu walishangaa kwa sababu kila mmoja alisikia kwa lugha aliyozaliwa nayo. Waliotaka lugha moja na mnara mmoja ni wale wa Babeli.

Kanisa limeliona hili zamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulifungua mlango kwa lugha za watu. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 990, inamruhusu muumini kuungama kwa kutumia mkalimani akitaka, huku siri ikilindwa. Tunaishukuru sheria hiyo. Lakini ni bibi gani atakayetaka dhambi zake zipite kwanza kwenye masikio ya jirani? Kuna mahali ambapo mtu hawezi kusema ukweli wote isipokuwa kwa lugha aliyolilia akiwa mtoto: kitubioni, kitandani mwa mgonjwa na kaburini. Mahali hapo ni pachache. Sisi tunaomba hapo tu, kwa kuanzia.

Tufanye nini

Kwanza, sisi mafrateri tuanze na wenyewe. Anayetumwa kwenye parokia ya Wadatoga ajifunze walau salamu, Baba Yetu na maneno ya kumfariji mgonjwa kwa Kidatoga. Tunakaa miaka tukijifunza Kilatini na Kigiriki, tena kwa furaha. Hatuwezi kudai kwamba vichwa vyetu havina nafasi.

Pili, likizo hii kila aliye na simu akae na bibi au babu yake jioni tatu. Arekodi sala, methali, na majina ya marehemu wa ukoo. Asirekodi ili apate kitu cha kurusha mtandaoni, bali kwa ajili ya familia na parokia. Wazee hawatungoji tumalize masomo.

Tatu, tarehe 7 Julai, pale parokia inapoadhimisha siku ya Kiswahili kwa mashairi na kwaya, wazee wapewe nafasi. Mzee mmoja Mwiraqw aombe kwa slufay mvua ya wote, mama Mdatoga aimbe wimbo wake, Mhadza akiwepo asalimu kwa kwao, na Mnyiramba vilevile. Kisha Kiswahili kifanye kazi yake nzuri kuliko zote, yaani kuwatafsiria waliobaki. Kwa kufanya hivyo Kiswahili hakitapungukiwa. Lugha ambayo imepokea meza na mvinyo kutoka kwa waliokuja na mizinga itashindwaje kupokea neno moja la bibi wa Hanang?

Nne, katika mazishi, kabla ya kufunika kaburi, tuulize familia majina, tuyataje, kwa lugha ya marehemu. Hilo linachukua dakika mbili, na padri asiyejua lugha anaweza kumwachia katekista.

Mpendwa msomaji, Mungu akipenda, miaka michache ijayo baadhi yetu tutaitwa kwa lile neno la Kireno, padri. Ni neno lililokuja na ngome, lakini pwani yetu ililisafisha likawa jina la baba. Lile lingine, gereza, halikusafishika. Yote mawili yamefika kwetu kutoka mdomo uleule, na ni waliopokelewa vizuri au vibaya walioamua lipi litakuwa na maana gani. Siku moja wajukuu wa Mbulu na Hanang nao wataamua neno kanisa lina maana gani kwao. Tungependa siku hiyo walikumbuke kama mahali ambapo bibi yao alisikilizwa.

Na kwa bibi yule wa kigango cha Hanang: mwenzetu amerudi kwa katekista na daftari. Majina ameshayapata yote. Mwezi wa Novemba, siku ya Marehemu, yatasomwa.

Tumsifu Yesu Kristo.